Imani, Tabia na Uongozi katika Michezo ya Mrima

Kata ya Kerege, iliyo wilayani Bagamoyo kando ya barabara inayotoka Dar es Salaam kupitia Bunju na Mapinga, imo katika ukanda wa Mrima, yaani pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Historia ya michezo ya ushindani katika ukanda huu haielezeki kwa matokeo ya mechi peke yake, kwa kuwa klabu ya michezo ilikuwa pia mahali ambapo watu walipimana uaminifu, na kipimo hicho walikitoa katika dini zao kabla hakijaandikwa katika katiba ya chama chochote.

Chimbuko la kwanza la michezo hiyo ni shule za misheni. Mwaka 1857, mwaka uleule ambao hotuba za David Livingstone zilichochea kuanzishwa kwa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyoundwa na watu wa vyuo vikuu vya Uingereza, Thomas Hughes alichapisha riwaya yake kuhusu maisha ya shule ya Rugby, iliyosaidia kueneza fikra iliyokuja kuitwa Ukristo wa misuli. Fikra hiyo ilishikilia kwamba mwili uliozoezwa uwanjani hujifunza utii, ujasiri na kujizuia, na kwamba kijana asiyeweza kushindwa kwa heshima hafai kuongoza wenzake. Walimu wa UMCA waliikuta Unguja ikiwa na vijana wengi waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa, na katika chuo cha Mtakatifu Andrea huko Kiungani soka liliwekwa katika malezi ya wanafunzi pamoja na sala na masomo kabla karne ya 19 haijaisha. Vijana hao, ambao wengi wao walipelekwa bara kuwa walimu, waliondoka na mchezo huo pamoja na taratibu zake za kuchagua nahodha na kutii mwamuzi.

Hata hivyo, soka lisingeota mizizi katika miji yenye Waislamu wengi kama lingebaki mali ya misheni. Mapokeo ya Kiislamu, yaliyokuwa chimbuko la pili, hayakuupinga ushindani wa mwili, kwani yanasimulia kwamba Mtume alishindana mbio na mkewe Aisha na kwamba alipigana mieleka na Rukana. Zaidi ya hayo, Bagamoyo ilikuwa na mfano wake wa uongozi uliojengwa juu ya tabia. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka upande wa Kongo akiwa mtumwa mtoto, akajisomea hadi akawa kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, yaani njia ya Kisufi yenye viongozi na nyiradi zake, na mwaka 1916 akateuliwa kuwa liwali, ambaye ni mtawala wa mji chini ya serikali ya kikoloni. Jamii iliyomkubali mtu wa asili hiyo kwa elimu na uaminifu wake ilikuwa tayari kumkubali kiongozi wa klabu asiye na nasaba kubwa.

Chimbuko la tatu ni ngoma ya beni, iliyoiga gwaride na bendi za kijeshi za Wazungu, ambayo vyama vyake viwili mashuhuri, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu. Vyama hivyo vilikuwa na vyeo, viliwapokea wageni mjini, vilikusanya michango na kuzika wanachama wake, kazi ambazo baadaye zilichukuliwa na klabu za soka. Kwa hiyo, klabu ya Young Africans ilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, na ile iliyokuja kuitwa Sunderland ilipoanza mwaka uliofuata, wanachama wake walikuwa wanajua tayari namna ya kumkabidhi mtu fedha za wenzake na kumwajibisha. Ndiyo maana TANU, chama cha kupigania uhuru kilichoundwa mwaka 1954, kiliwapata kwa urahisi wafuasi na waandaaji katika vilabu hivyo.

Baada ya uhuru serikali iliichukua kazi ya kulea wanamichezo kwa kuunda Baraza la Michezo la Taifa mwaka 1967, na mwaka 1971 Sunderland ikabadilishwa jina kuwa Simba. Wanariadha ndio waliodhihirisha vizuri zaidi tabia iliyotakiwa. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka, akajeruhiwa goti na kufungwa bendeji, lakini aliendelea hadi akamaliza wa 57 na wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa kuongoza mbio tangu mwanzo hadi mwisho, na kupata medali ya fedha mjini Moscow mwaka 1980, baadaye alihudumu katika Kamati ya Olimpiki Tanzania na kuanzisha shule Kibaha, katika mkoa uleule wa Pwani ilipo Kerege.

Urithi huu una kasoro zake. Zipo timu zilizokwepa lango la kawaida au kukataa vyumba vya kubadilishia nguo kwa hofu ya kurogwa, na watu wa mpira hulitumia jina la kamati ya ufundi kwa wale wanaosemekana kushughulikia waganga. Desturi hiyo huhamisha sifa ya ushindi kutoka kwa mazoezi kwenda kwenye hirizi, na humpa kiongozi kisingizio cha kutumia fedha zisizo na risiti. Migogoro ya uongozi nayo imezigawa klabu kubwa, kama ilivyotokea katikati ya miaka ya 1970 wakati mgawanyiko ndani ya Young Africans, maarufu kama Yanga, ulipozaa klabu ya Pan African.

Katika soka la mchangani, yaani mashindano ya mitaani na vijijini ambako zawadi mara nyingi ni mbuzi au seti ya jezi, nahodha hukusanya kiingilio cha wenzake, Waislamu na Wakristo hupiga dua pamoja kabla ya kipenga, na ratiba hupangwa ili mechi iishe kabla ya sala ya Magharibi. Hapo hakuna mkaguzi wa hesabu wala mfadhili, bali sifa ya mtu kijijini. Viongozi wa mchezo katika ngazi za juu wangefaa kujifunza kwa viwanja hivyo, kwa sababu historia ya Mrima inaonyesha kwamba klabu ilidumu pale kiongozi alipojiona mshika amana, na iliyumba kila alipojiona mwenye mali.