Picha Kukatika Katika Runinga: Mambo ya Kuchunguza Kabla ya Kununua King'amuzi Kipya

Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012 na mikoa mingine kufuata, hitilafu za runinga inayotumia antena ya juu ya paa zimebadilika sura. Enzi za analojia, mawimbi yakififia picha ilijaa chenga, lakini taarifa ya habari iliendelea kusikika. Dijitali haina hali hiyo ya kati: picha huwa safi, kisha hugawanyika vipande, huganda na skrini hubaki nyeusi. Ndiyo maana baadhi ya wananchi hudhani king'amuzi kimekufa, wakanunua kingine, na tatizo likabaki palepale.

Kabla ya kupanda paani, rimoti itumike kwanza. Menyu ya ving'amuzi vingi huonesha vipimo viwili, nguvu ya mawimbi na ubora wake. Cha kuzingatiwa zaidi ni ubora. Nguvu ikiwa kubwa na ubora mdogo, mawimbi yanafika yakiwa yamevurugika, ama kwa kuakisiwa na majengo au kwa kuzidishwa na busta. Vyote vikiwa sifuri, huenda waya umechomoka au mtambo wa kurushia umezimwa kwa muda. Jirani anayetumia huduma hiyohiyo atamaliza shaka hiyo kwa jibu moja. Zikipotea chaneli chache tu, kutafuta chaneli upya mara nyingi hutosha.

Chanzo kinachopuuzwa mno ni maji ndani ya waya. Jua la miaka kadhaa hupasua ganda la nje, mvua ikapenya hadi kwenye wavu wa chuma unaozunguka uzi wa katikati, na kutu ikaanza. Dalili yake ni picha kukatika siku za mvua na kurejea jua likiwaka. Waya uliolowa ndani haukaushwi, hubadilishwa. Mpya uwe wa omu 75, usio na viungo vya kusokotwa kwa mkono, na uachiwe mkunjo unaoning'inia kabla ya kuingia ndani ili matone yadondoke nje.

Antena huelekezwa uliko mnara wa kurushia matangazo, si linakoelekea dungu la jirani, kwani dungu hutazama setilaiti. Igeuzwe kidogokidogo, kwa kusubiri sekunde chache kila mara, maana king'amuzi huchelewa kuonesha badiliko. Vijiti vilale au visimame kama vya antena nyingine za mtaani zinazopokea vizuri.

Busta si dawa ya kila kitu. Hukuza mawimbi pamoja na kelele zake, na karibu na mnara huweza kuzima picha kabisa. Inapohitajika, hufungwa jirani na antena, si nyuma ya runinga.

Mlingoti wa chuma ukigusa waya wa umeme huua. Usimikwe mbali na nyaya hizo kwa umbali unaozidi urefu wake, na kazi isifanyike wakati wa mvua, upepo mkali au radi.

Hitilafu ikiwa ya mtaa mzima, malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, na yasiposhughulikiwa, kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), yakiambatana na tarehe, saa, majina ya chaneli na vipimo vilivyosomwa kwenye king'amuzi.