Historia ya kompresa na turbo: somo kwa mashofere wetu

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Hapa hewa ni nyepesi, na motere ya kawaida inapoteza nguvu. Dawa yake ni ya zamani. Mwaka wa 1905 Mswisi Alfred Büchi aliandikisha wazo la turbo, pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa motere. Mwaka wa 1921, Berlin, Mercedes ilionyesha motokari za kompresa, inayozungushwa na motere yenyewe. Mwaka wa 1984 Björn Waldegård alishinda Safari Rally ya Kenya na Toyota Celica ya turbo. Toyota ikashinda tena 1985 na 1986.

Kompresa inaongeza mbio pamoja na motere. Ikizidishwa, hewa inapata moto na pistoni zinaweza kutoboka. Ndiyo maana shofere mwenye akili anabadilisha vitesi mbele ya alama nyekundu, nguvu inapoanza tu kupungua.

Hatari kubwa zaidi ni kurudisha vitesi ya chini gari likikimbia. Hapo magurudumu ndiyo yanayozungusha motere, na kifaa cha kukata mafuta hakiwezi kuiokoa.

Kamyo za turbo za barabara ya Likasi na Kasumbalesa hazishindani, lakini sheria ni ile ile, hasa zikipakia jamaa waliokimbia makwao, wameketi juu ya mizigo. Vitesi ya chini ichaguliwe mbele ya mteremko, gari likiwa bado polepole. Katikati ya mteremko, ni kuchelewa.