Tosta: Safari ya kibaniko cha mkate tangu 1909

Tosta, yaani kibaniko cha umeme cha mkate, imebadilika mno kwa umbo ingawa kazi yake ni ile ile. Mabadiliko hayo yalichochewa na tatizo moja: ilimbidi mtu asimame kando akiuchunga mkate usiungue.

Awali mkate ulichomwa kwa uma mrefu au wavu juu ya makaa. Umeme ulianza kufaa mwaka wa 1906, Mmarekani Albert Marsh alipopewa hataza ya nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu ambao waya wake huiva ukawa mwekundu bila kukatika upesi. Mnamo 1909, kampuni ya General Electric ilitoa tosta aina ya D-12. Nyaya zake zilikuwa wazi juu ya kitako cha kauri, na mpishi aligeuza slesi kwa mkono.

Mwaka wa 1921, Charles Strite wa jimbo la Minnesota alipata hataza ya tosta yenye saa na springi, iliyojizima na kuinua mkate ulipoiva. Tosta ya nyumbani ya aina hiyo, Toastmaster, iliingia sokoni mwaka wa 1926, ikichoma pande zote mbili kwa wakati mmoja. Miaka miwili baadaye, mkate uliokatwa kwa mashine ya Otto Rohwedder ulianza kuuzwa Missouri, na slesi za unene uliolingana zikaiongezea tosta umaarufu.

Tosta nyingi za kisasa zina saketi za elektroniki, mianya mipana na trei ya makombo. Hata hivyo, waya wa moto ungali ndani. Kwa hivyo, mkate ukikwama, chomoa plagi kwanza na usitie kisu wala uma.

Aidha, wapenzi wa vyombo vya kale wajihadhari. Tosta za Marekani huundwa kwa umeme wa volti 120, ilhali wa Kenya ni volti 240. Volti zikiongezeka maradufu, waya huvuta nguvu takriban mara nne ya kiasi chake, na chombo kinaweza kuungua au kuzua moto. Anayetaka kuitumia anahitaji transfoma inayomudu wati zake, na fundi wa umeme aikague kwanza. La sivyo, na ibaki pambo la kabatini.