Majivu, Makumbi na Mpapai

Sisi wa Dimani hatukukulia sabuni ya dukani. Baada ya vita vya Kagera vya 1978-79 sabuni iliadimika nchi nzima. Huku kwetu, Kibiti ikiwa bado ni Rufiji, tulifulia majani ya mpapai. Povu lilitoka kidogo, lakini harufu ndio usiseme! Sufuria tulisugua kwa majivu na makumbi ya nazi. Majivu yakizidi yalichubua mikono, mama wakatupaka mafuta ya nazi. Biashara ilipolegezwa kuanzia 1984 sabuni zikarudi, tukaacha yote. Kikundi kilipoanza, wenzetu wengine walikosa pesa ya hisa sababu ya sabuni ya vyombo. Basi tukarudia majivu. Mpapai hapana, ule hatuurudii.