Usubi wa Kodera na Majilisi ya Wanazuoni

Msafiri apitaye leo Kosele, mji wa soko uliokuwa makao makuu ya wilaya ya Rachuonyo, Nyanza Kusini nchini Kenya, si rahisi adhani kwamba bonde la Kodera, lisilo mbali na hapo, lilikuwa zamani maskani ya usubi, yule inzi mdogo mweusi ambaye kwa kuuma kwake huwatia watu minyoo, na wana wa minyoo hiyo wakitambaa chini ya ngozi huleta mwasho usiokoma, na wakifika machoni huleta upofu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, J. J. C. Buckley, mtaalamu wa minyoo, alifyeka vichaka vya kando ya mto Riana, huko huko Nyanza Kusini, ili inzi akose kivuli. Mwaka 1946 tabibu P. C. C. Garnham na J. P. McMahon, mjuzi wa wadudu, wakatia dawa ya wadudu ya DDT katika maji ya Kodera, na usubi akatoweka. La ajabu ni kwamba walifanya hayo ilhali buu la inzi huyo lilikuwa halijaonekana na mtu yeyote, pamoja na kutafutwa sana mitoni. Lilikuwa jambo la kubahatisha, na sidhani kama mabaraza ya maadili ya utafiti ya siku hizi yangeliridhia. Lakini dhana yao ilisibu.

Siri ya buu hilo ilifichuka mwaka 1950, na mwenziwe McMahon katika kuifichua hakuwa tabibu, bali V. D. van Someren, mtaalamu wa samaki wa mitoni. Walipokwisha kuona mabuu ya usubi wa jamii nyingine yamejibandika juu ya wadudu wa majini, walimgeukia kaa, na juu ya gamba lake wakayakuta yale yaliyowashinda wenzao. Mtu wa inzi peke yake aghalabu hutazama mawe na majani. Ilihitaji mtu wa samaki aketi naye, ndipo kaa naye akatazamwa.

Majilisi hayo hayakuwa na ukumbi. Wanazuoni waliandikiana na kusomana katika majarida, na vijana wenyeji walioshinda mitoni wakikamata inzi hawakutiwa katika orodha ya waandishi, dhulma ambayo haijakwisha hata sasa. Mikutano ya kila mwaka ya taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, iliyoundwa mwaka 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, ilikuja baadaye sana.

Hata hivyo, uzi haukukatika. J. M. D. Roberts na wenzake waliwarudia wakazi wa maeneo ya Kenya yaliyokuwa na usubi miaka 9, 11 na 18 baada ya inzi kutoweka, wakatangaza mwaka 1967, katika jarida la Shirika la Afya Duniani, jinsi minyoo inavyodumu mwilini miaka mingi. Na ulipoanzishwa mpango wa kuangamiza usubi Afrika Magharibi mwaka 1974, ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba kutia dawa mitoni kwa mwaka mmoja au miwili hakungetosha.