Jembe, Ngoma na Mbung'o: Waliofungua Pori la Simiyu

Mkazi wa Bariadi anayetaka kuona namna mababu zake walivyoishi hana budi kutoka nje ya mkoa wake wa Simiyu. Atapita Lamadi, ashike barabara ya Mwanza kupitia Magu hadi Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora. Kituo hicho kilianzishwa miaka ya 1950 na padre Mkanada, David Clement, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Pale zipo ngoma za watemi, nyumba ya jadi na zana za mfumu, yaani mganga.

Ni hazina kubwa, lakini ngoma ya mtemi haikuelezi nchi ilivyopatikana. Miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe, vichaka vikarudi malishoni na mbung'o wakafuata. Katika miaka ya 1920, upande wa Shinyanga, Mwingereza C.F.M. Swynnerton, mtaalamu wa mbung'o, alishirikiana na watemi, na watu kwa maelfu wakatoka na mashoka kufyeka vichaka hivyo. Kufyeka tu hakukutosha. Mbung'o hupenda kivuli, na kivuli hurudi baada ya masika machache, hivyo palipofyekwa palihitaji walimaji na mifugo. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza 1947, ulichimba malambo na kuhimiza familia zihamie maeneo mapya. Pamba nayo ilisogeza mashamba mbele, pengine kuliko amri yoyote ya serikali.

Jasho la walimaji hao utaliona Bujora kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe. Wachezaji husimama safu moja, jembe mkononi, ngoma mbele yao. Mdundo ukiwa wa taratibu, majembe hupanda na kushuka pamoja. Ukikaza, jembe hurushwa juu, likazunguka, likadakwa kwa mpini. Shambani safu ilikuwa hiyo hiyo. Vijana walilima chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, kwa ujira wa chakula au mnyama wa kuchinja, na mvivu hakuwa na pa kujificha: aliyebaki nyuma alionekana na kila mtu.

Kila mwaka, msimu wa sikukuu ya Ekaristi, huja tamasha la Bulabo, na hapo makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu hushindana. Makundi hayo yanafuatilia asili yao kwa mafundi wawili mahasimu wa ngoma na dawa, Ngika na Gumha. Pande mbili hucheza wakati mmoja, na anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ndiyo sababu chatu huletwa uwanjani.

Simiyu, mkoa tangu 2012, ina viwanja vya Nyakabindi vilivyobeba maonyesho ya kitaifa ya Nanenane mwaka 2018. Ekari moja pale ingetosha kuonyesha kazi hiyo nyumbani: wageni washike jembe la mkono asubuhi, mchana plau ya ng'ombe, waone tofauti mgongoni. Jioni Bagika na Bagalu walime kwa ngoma, na umati uamue mshindi kwa miguu yake, bila jopo la majaji.