Filamu za kutafsiriwa (Tanzania)

Filamu za kutafsiriwa ni filamu za kigeni ambazo msimulizi mmoja ameweka sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti ya asili. Nchini Tanzania msimulizi huyo huitwa DJ. Nchini Uganda, ambako kazi hii hufanywa hasa kwa Kiganda, huitwa VJ. Katika filamu iliyoingizwa sauti studioni kila mhusika hupewa mwigizaji wake. Hapa mtu mmoja husema maneno ya wote: steringi, adui, mama na mtoto. Pia hueleza, hutania na huonya.

Historia

Usimulizi huu ulienea kupitia mabanda ya video, maarufu kama vibanda umiza. Watazamaji wengi hawakufahamu Kiingereza, Kihindi wala Kichina, hivyo msimulizi alikaa karibu na runinga akiwa na kipaza sauti. Baadaye simulizi zilirekodiwa kwenye kanda za VHS, kisha VCD na DVD, na sasa hunakiliwa kwenye flashi na simu. Kati ya wasimulizi waliojulikana zaidi ni Derek Mukandala (Lufufu) na King Rich, ambao kazi zao zilichunguzwa na mwanaanthropolojia Matthias Krings wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani. Nchini Kenya anajulikana sana DJ Afro.

Mabadiliko katika mapigano

Penye mazungumzo mengi msimulizi hubanwa na muda, kwa hiyo hufupisha. Katika pambano, wahusika hunyamaza na kupigana. Hapo ndipo anapopata nafasi ya kuongeza maneno yake. Kwa sababu hiyo sehemu yenye maneno machache katika filamu ya asili huweza kuwa na maneno mengi zaidi katika ile ya kutafsiriwa. Mabadiliko makuu ni haya:

* *Sauti.* Msimulizi anapozungumza, sauti ya filamu hupunguzwa. Muziki, vishindo na ukimya uliopangwa na mwongozaji hufifia.
* *Mahali.* Akisimulia Morogoro, anaweza kuuita mlima wa kwenye picha Uluguru, au kusema adui anayekimbia anawahi basi Msamvu.
* *Sababu ya ugomvi.* Hili ndilo badiliko kubwa zaidi, kwa kuwa hugusa maana ya hadithi.

Mfano ni *Fist of Fury* (1972) ya Bruce Lee. Chen Zhen anaingia peke yake katika shule ya Wajapani mjini Shanghai na kuwapiga wanafunzi wote. Anarudisha kibao kilicholetwa msibani kuwatukana Wachina kuwa ni watu wagonjwa. Uthibitisho kwamba mwalimu wake aliuawa kwa sumu anaupata baadaye. Msimulizi akisema mapema kwamba Chen amekuja kulipiza kifo cha mwalimu, pambano la kutetea heshima ya taifa linageuka kisasi cha mtu mmoja, na siri ya filamu inafichuka kabla ya wakati.

Ulinganisho na nchi nyingine

Jambo hili si la Afrika Mashariki pekee. Katuni ya Kijapani *Dragon Ball Z* ilipoingizwa sauti ya Kiingereza miaka ya 1990, vipindi 67 vya mwanzo vilikatwa na kuunganishwa kuwa 53, na muziki wa Shunsuke Kikuchi ukabadilishwa. Vegeta anapopima nguvu za Goku, kwa Kijapani husema zimezidi 8,000; kwa Kiingereza ni 9,000. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa toleo hilo hakuambiwa kuna kilichobadilishwa, ilhali mtazamaji wa bandani humsikia msimulizi waziwazi, na huweza kuchagua filamu kwa kufuata jina lake.

Sheria

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kutafsiri kazi ni haki ya mwenye kazi au aliyeruhusiwa naye. Uonyeshaji wa filamu husimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya sheria ya 1976. Hata hivyo, kukagua nakala ya asili hakuonyeshi maneno aliyoongeza msimulizi. Anayetaka kujua filamu ilisema nini hana budi kuitazama pia katika lugha yake ya kwanza, ikiwezekana yenye maandishi ya tafsiri chini ya picha.